Kutoka Keroka Hadi Yokohama: Niliyoyaona kwa Wajapani

Wasomaji wengi wanaijua Keroka, mji ulioko kwenye barabara kuu itokayo Kisii kwenda Sotik. Mpaka wa Kisii na Nyamira wapita papo hapo mjini, hata mtu aweza kununua mkungu wa ndizi katika kaunti moja na kuupakia garini katika kaunti ya pili. Hapo ndipo nifanyapo kazi ya ukarani, na hapo ndipo dada yangu mdogo aliponijia siku moja ya soko na barua mkononi. Mwanawe, kijana wa miaka 16 ambaye hukimbia kila alfajiri kwa njia ya Kiamokama, alikuwa ametakiwa kwenda Japani, asome katika shule ya sekondari na kuikimbilia shule hiyo.

"Kaka, wewe umekaa huko," akasema. "Niambie kweli. Nimtoe mwanangu, au nisimtoe?"

Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Nilimweleza niliyoyaona, na kwa kuwa wako wazazi wengine wapatao barua kama ile, nayaandika hapa ili nao wapate kuyapima.

Nilipelekwa Japani kwa masomo ya kazi mwezi wa Septemba 2018, nikakaa miezi 6 katika Yokohama, mji mkubwa wa bandari karibu na Tokyo. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa 6. Hapa mtu anapowasha moto saa 12 asubuhi, kule ni adhuhuri. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kimya cha watu. Garimoshi hujaa asubuhi mpaka mtu hana nafasi ya kuinua mkono, lakini husikii mtu akizungumza kwa simu. Likichelewa dakika chache, sauti hutangaza kuomba radhi. Nilikumbuka matatu zetu, ambazo saa yake ya kuondoka ni kujaa.

Nyumbani mtu huvua viatu mlangoni. Taka nazo zina kalenda yake: za kuchomwa moto zina siku zake na za plastiki zina siku yake, na ukikosea, mfuko wako huachwa pale pale ili majirani wote waone. Mimi niliachiwa mfuko mara mbili, nikajifunza kwa aibu.

Wakulima wenzangu watapenda kusikia habari za chai. Nilipewa kikombe cha kwanza nikangoja maziwa na sukari, wala havikuja. Chai yao ni ya kijani, na ladha yake ni kama ya majani mabichi. Mmea ni ule ule tuupelekao sisi kiwandani, ila sisi huyanyausha majani, tukayasaga na kuyaacha yageuke rangi kabla ya kuyakausha, na wao huyatia mvuke upesi ili yasigeuke. Machumo mengi hufanywa kwa mashine, kwani mikono imepungua. Wakulima wengi wa Japani wamepita umri wa miaka 65; vijana wamehamia mijini, na watoto wanaozaliwa ni wachache. Nilimwona mzee aliyepinda mgongo akilima bustani yake peke yake, nami nikafikiri juu ya vijana wetu wakaao vibarazani wakitafuta kazi.

Sasa nije kwenye mchezo, kwa maana ndio uliomleta dada yangu. Wajapani wana mbio za kupokezana ziitwazo ekiden. Jina hilo limetokana na vituo vya zamani ambamo matarishi walipokezana habari kati ya mji na mji. Mbio za kwanza za namna hiyo zilifanywa mwaka 1917, kutoka Kyoto mpaka Tokyo. Hawapokezani kijiti, hupokezana ukanda wa kitambaa uvaliwao begani, uitwao tasuki. Mbio zipendwazo kuliko zote ni za Hakone, zilizoanzishwa mwaka 1920. Vyuo vikuu vya Tokyo na majimbo yaliyo jirani nayo huzikimbia tarehe 2 na 3 Januari, kutoka Tokyo hadi milima ya Hakone na kurudi. Wakimbiaji ni 10, na njia yote ni kilomita 217 na kitu. Anayekimbia mguu wa tano hupanda mlima zaidi ya mita 800.

Tarehe 2 Januari 2019 nilisimama kando ya barabara tangu asubuhi, baridi ikinikata masikio. Walikuwapo wazee, watoto, na akina mama waliobeba vibendera vya karatasi. Mara akapita kijana Mkenya, akikimbia kama atumwaye kuita mganga, na watu wote wakampigia makofi kama mtoto wao. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami alinigeukia akainamisha kichwa. Hatukuwa na lugha moja, lakini nilimfahamu. Mwaka ule Chuo Kikuu cha Tokai kilishinda kwa mara ya kwanza.

Njia hiyo ilifunguliwa na Wakenya wa kwanza kukimbia Hakone, Joseph Otwori na Kennedy Isena, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, mwaka 1989. Otwori ni jina ambalo hakuna Mkisii asiyelitambua. Chuo chao kilitwaa ushindi mwaka 1992. Baada yao alikuja Stephen Mayaka, ambaye baadaye alipata uraia wa Japani na kuwa mwalimu wa wakimbiaji. Na kabla ya hao wote, Naftali Temu wetu alikimbia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 akarudi bila medali. Miaka minne baadaye, huko Mexico, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza katika mbio za mita 10,000.

Basi dada yangu aliposikia majina hayo alitabasamu. Ikanilazimu kumweleza na upande wa pili.

Mwenyeji wangu alinionyesha picha za mbio za miaka iliyopita. Katika vituo vya kupokezana kuna saa ihesabuyo. Chuo kikichelewa mno nyuma ya wa kwanza, dakika 20 katika vituo vingine, mkimbiaji anayefuata huamriwa aondoke bila kungoja, amevaa ukanda mwingine. Nilimwona kijana akifika amechoka kabisa, ukanda mkononi, akakuta mwenzake amekwisha ondoka. Alianguka chini akalia. Wajapani hawalii ovyo.

Kisha nikamweleza dada yangu habari za kijana mmoja wa Kenya niliyekutana naye huko. Alikuwa ameumia mguu. Alikaa chumbani majira ya baridi, Kijapani chake ni cha kuomba chakula tu, na barua za nyumbani zote zilikuwa za kuomba fedha. Aliniuliza swali moja: "Mzee, nisipokimbia, mimi ni nani hapa?" Sikuwa na jibu.

Tena sheria zimebadilika. Katika mbio kuu za shule za sekondari, zifanywazo Kyoto kila Desemba, tangu mwaka 2024 mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kukimbia ila mguu mfupi, wa kilomita 3. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba mambo bado ni yale ya Otwori.

Dada yangu alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Kama ni miguu tu waitakayo, hata hapa ng'ombe huuzwa kwa miguu. Waandike kwamba atasoma."

Jioni ile tuliketi, yeye, mimi na kijana mwenyewe, tukaandika maswali matatu. Je, akiumia, ataendelea na shule hadi amalize? Atafundishwa Kijapani saa ngapi kwa juma, na nani? Nauli ya kurudi nyumbani italipwa na nani? Majibu ya mawili yalikuja upesi. La kwanza lilichukua majuma matano, na lilipokuja lilikuwa na sahihi na mhuri. Ndipo dada yangu naye akatia sahihi yake.

Shule za Japani huanza mwaka mpya mwezi wa Aprili, basi kijana ataondoka Machi. Kwa sasa bado hukimbia njia ya Kiamokama kabla jua halijatoka, na akirudi hukaa nami nusu saa tukisoma herufi za Kijapani ambazo mimi mwenyewe nimezisahau nusu. Wazazi wenzangu, barua kama ile ikiwafikia, msiikatae kwa hofu wala msiipokee kwa tamaa. Ulizeni kwanza habari za siku ambayo mtoto hataweza kukimbia.