Sawa kwa Sawa Haipandi Mlima

Ukitoka Chimala, pale chini kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kuna njia inayopanda ukingo wa mlima mpaka Matamba, wilayani Makete. Jina lake ni Hamsini na Saba, na si fumbo: ndiyo hesabu ya kona zake. Kiangazi utasumbuliwa na vumbi tu. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja ndipo utakapomkuta mwenye gari la foo wili amesimama katikati ya njia, injini inalia, tairi moja la nyuma linazunguka na kurusha matope hadi juu ya turubai, na tairi la upande wa pili, lililokaa vizuri kabisa kwenye changarawe, halisogei hata inchi moja.

Kwa mtu aliyefundisha hisabati hadi akastaafu, tairi lile lililotulia ni jambo la kuudhi. Lina uwezo wa kulitoa gari. Limekanyaga pazuri. Mbona halifanyi kazi?

Jibu liko ndani ya difu, na ni lazima kwanza tulitendee haki difu lenyewe. Gari likikata kona, tairi la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Chukua gari ambalo kati ya tairi na tairi ni mita 1.5. Likizunguka duara zima, tairi la nje hutembea karibu mita 9.4 zaidi ya la ndani, na haijalishi duara lenyewe ni kubwa au dogo. Kwenye kona inayokurudisha ulikotoka, ambayo ni nusu duara, tofauti ni mita 4.7. Tuseme kona zote za kwetu ni nusu duara kamili: hadi ufike juu, matairi ya nyuma yametofautiana mwendo kwa jumla ya mita 268. Kama yangefungwa kwenye chuma kimoja kisichojua kona, mita hizo zote zingelipwa na mpira wa tairi, au na ekseli. Mfaransa mmoja aliyekuwa fundi saa, Onésiphore Pecqueur, ndiye aliyebuni mwaka 1827 difu hilo, yaani mpangilio wa gia unaoruhusu kila gurudumu liende mwendo wake huku yote mawili yakisukumwa na injini moja. Karibu miaka mia mbili imepita na bado magari yetu yanatembea kwa wazo lake.

Ila wazo hilo lina sharti, na madereva wengi hulieleza vibaya. Husema tairi linaloteleza "limechukua nguvu yote". Hapana. Limechukua mwendo wote. Nguvu ya kuzungusha, difu la kawaida huigawa sawa kwa sawa, kulia na kushoto, wakati wote. Tairi lililo kwenye tope halihitaji nguvu yoyote ya maana ili lizunguke, kwa hiyo linapewa kidogo. Na kwa kuwa mgawo ni sawa, lile la kwenye changarawe nalo linapewa kidogo kilekile. Hakuna dhuluma ndani ya difu. Kuna usawa mkamilifu, na gari limekwama.

Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu, maana nililijua kabla sijaliona kwenye gari. Sisi watoto watatu wa mama mmoja tuna shamba la viazi huko Matamba na Hilux moja kuukuu, na baba alituachia kanuni moja: sawa kwa sawa. Mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, dizeli, kila kitu mafungu matatu. Kanuni nzuri, imetuepusha na magomvi ambayo nimeyaona yakivunja nyumba za wenzetu. Lakini dada yetu ni mjane mwenye watoto shuleni. Msimu ambao ada zimembana, anaweza kutoa mfuko mmoja wa mbolea, basi. Na kwa kuwa ni sawa kwa sawa, kaka mwenye uwezo wa kutoa mitano hutoa mmoja, nami hutoa mmoja. Shamba zima linapata mifuko mitatu. Hakuna aliyeonewa, na viazi vinatoka vya kulishia nguruwe.

Nirudi kwenye gari. Tiba ya difu inaitwa difuloki, yaani kitu kinachoyafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja. Nilipomfuata fundi wetu wa Mbeya, mzee ambaye mikono yake inanuka oili hata siku ya Jumapili kanisani, dereva wetu alikuwa tayari na jibu la bei rahisi.

"Mzee, tuchomelee tu zile gia ndogo za ndani. Nusu siku kazi imekwisha."

Ni kweli inafanyika, na kweli ni rahisi kuliko zote. Ukizichomelea gia za difu, matairi mawili yanakuwa kitu kimoja, moja kwa moja, kwenye tope na kwenye lami, usiku na mchana. Fundi alimtazama kijana, akauliza tairi moja ni shilingi ngapi siku hizi. Kisha akauliza ekseli. Kisha akauliza kama anaujua mwendo wa gari kwenye lami iliyolowa pale ambapo tairi zote mbili za nyuma zinakataa kona. Mada ikafungwa. Nimewahi kuona na koo zinazoishi hivyo, ambako shilingi ya kila mmoja ni ya wote na hakuna anayeoa, kujenga wala kuhama bila kikao. Wanakwenda, lakini wanaunguza tairi.

Njia ya pili ni difuloki ya hewa, kama zinazotengenezwa na ARB ya Australia. Unabonyeza kitufe, kompresa inasukuma hewa, magurudumu yanafungwa. Ukibonyeza tena, yanaachiwa. Sina neno baya juu yake. Ila unabadilisha kasha zima la difu, kwa hiyo fundi inabidi apange upya jinsi gia kubwa ya krauni inavyogusana na gia ya pinioni inayoizungusha, kazi ya vipimo vya sehemu za mia za milimita ambayo ikikosewa difu litalia na kujila lenyewe. Bei ya kifaa peke yake hupita dola 1,000 za Marekani, bado kompresa, nyaya, usafiri na ushuru. Kwa gari la viazi, ni koti la harusi la kuvalia shambani.

Wapo wanaonunua ekseli nzima ya mtumba yenye difuloki ya kiwandani, iliyotoka kwenye Prado au Hilux Surf za miaka ya 1990, na wafanyabiashara wetu huzifuata hadi Sharjah. Si wazo baya ukipata iliyo nzima. Usidanganyike tu kwamba utachomoa difu la ndani na kulipachika kwenye ekseli yako ya kawaida. Nyumba zake hazifanani, na utaishia kukata chuma.

Tuliyoichagua sisi ni ya nne, ndogo na ya kimakanika, inayojifunga yenyewe. Haibadilishi kasha. Unatoa gia ndogo za ndani ya difu lako na mahali pake unaweka vipande vyenye meno, springi na pini. Ukikanyaga mafuta, meno yanaumana na matairi yote mawili yanasukuma. Ukikata kona, tairi la nje likitaka kukimbia mbele, meno ya upande wake yanaruka na kuliacha liende. Utasikia tik-tik-tik chini ya kiti. Krauni na pinioni zinarudi na vipimo vyake vilevile, na hapo ndipo unafuu ulipo. Seti kama hizo, Lock-Right na jamaa zake, mara nyingi huuzwa chini ya dola 500.

Nilikuwa tayari kutuma hela siku ileile. Fundi akanizuia. "Mwalimu, tulifungue kwanza. Utanunuaje nguo ya mtu ambaye hujampima?"

Basi tukafungua kabla ya kununua. Gari juu ya stendi, oili ikamwagwa, propela shafti ikatiwa alama na kushushwa, ekseli zikavutwa nje, nati za difu zikafunguliwa, nalo likatolewa kwa mikono ya watu wawili. Akahesabu meno ya ekseli: 30. Akahesabu gia ndogo za ndani kama ni mbili au nne, kwa sababu difu la inchi nane la Toyota lipo la aina zote mbili na seti zake haziingiliani. Akaizungusha beringi sikioni kwake na kutikisa kichwa: imeanza kuchubuka, ibadilishwe. Hapo tayari bei ilikwisha kupanda kabla difuloki haijaagizwa. Niliona heri hivyo. Kinachoitwa nafuu huwa ni bei ya kipande kimoja tu. Vingine vyote vilivyochoka kandokando yake vinasubiri zamu yao, na aheri ujue mapema ni vingapi.

Halafu matairi. Difuloki ya namna hii huhisi tofauti ya mwendo kati ya kulia na kushoto, kwa hiyo inataka matairi mawili ya ukubwa mmoja, yaliyolika sawa, yenye upepo sawa. Letu la kushoto lilikuwa jipya na la kulia limekwisha. Fundi alisema hafungi mpaka tulete jozi. Kwa kweli, gari lilipovaa jozi mpya na upepo ukapunguzwa kabla ya kupanda, lilipita mahali kadhaa palipokuwa pakitushinda, na difuloki ilikuwa bado baharini. Kuna vijana mjini wanaobandika stika ya difuloki kwenye kioo cha nyuma huku matairi yao yanang'aa upara.

Seti ilipofika, kazi yenyewe haikuwa ndefu. Kofia za beringi ziligongwa alama ya panchi ili kila moja irudi upande wake. Vipande vikapakwa grisi, springi zikaingizwa moja moja kwa uvumilivu ambao mimi sina. Kisha akachukua fila geji, akapima uwazi uliobaki kati ya vipande viwili vya katikati. Kwa aina ile unatakiwa uwe karibu milimita 4. Ukipungua, meno hayapati nafasi ya kuachana kwenye kona, nawe umerudi kwenye difu la kuchomelea. Ukizidi, hayaumani sawasawa na siku moja yatavunjika. Alipima mara ya pili ingawa mara ya kwanza ilikuwa sawa. Ikatiwa oili ya GL-5, akafunga.

Dereva alihitaji kujifunza gari upya, maana kifaa hiki kina tabia zake. Ukikanyaga mafuta ghafla katikati ya kona inayoteleza, matairi yote mawili yanasukuma na mkia unaondoka. Kwenye mteremko wa pembeni, gari lenye difu wazi huacha tairi moja liteleze na jingine likushikilie. Likifungwa, yakiteleza yanateleza yote, na gari linashuka ubavu kuelekea korongoni. Kwa hiyo alifundishwa kuingia kona kwa mguu mwepesi na kukanyaga baada ya kunyoosha usukani. Nyuma tu tumefunga. Mbele tumeacha wazi, kwa sababu usukani ungekuwa mzito na viungo vya ekseli za mbele si vya kuchezewa.

Msimu uliofuata nilipeleka hoja kwenye kikao cha ndugu. Wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, mwenye nacho atoe alichonacho, kiandikwe kwenye daftari, na mavuno yagawanywe kwa daftari. Miezi mingine kila mtu aende mwendo wake, asiulizwe. Kaka hakupenda. Alisema nataka kumfanya dada mdaiwa katika shamba la baba yake. Dada mwenyewe ndiye aliyemjibu.

"Kaka, andikeni. Deni nitalilipa kwa viazi. Nisichokitaka ni huruma inayonipunguzia mavuno."

Tumeandika. Bado tunabishana bei ya dizeli, na kaka bado anasema kanuni ya baba ilikuwa na heshima zaidi. Labda. Mifuko ya mbolea imeongezeka.

Sasa kwako wewe unayefikiria kununua. Kama njia yako ni lami na vumbi la kiangazi, usinunue. Weka fedha kwenye matairi. Ukikwama mara mojamoja, jifunze kwanza kuvuta hendibreki taratibu huku unakanyaga mafuta kidogo: breki inalipa tairi linaloteleza mzigo wa kubeba, ingawa nayo huushika pia upande wa pili, kwa hiyo usitegemee msaada mkubwa. Ni mbinu ya magari ya zamani yenye hendibreki ya magurudumu ya nyuma, na haigharimu senti. Lakini kama unaishi mwisho wa njia kama ya kwetu na mvua haikuulizi una safari au huna, funga ya nyuma, ya kujifunga yenyewe. Fungua difu kwanza, hesabu meno ya ekseli, ndipo utume hela.