Steringi Hafi

Picha aliyoipenda kuliko zote mama yangu utotoni ni Disco Dancer, ya mwaka 1982. Niliijua yote kabla sijaiona, maana alinisimulia kwa vitendo: jinsi Mithun Chakraborty anavyokata kiuno, anavyoonewa na tajiri, mpaka anapokuwa nyota. Kihindi mama hakijui. Nyimbo anaziimba kwa maneno yake mwenyewe, bila aibu.

Walikuwa wakikaa Upanga, kwenye fleti za Msajili wa Majumba, jirani na familia za Kihindi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo mwenye deki ya video alikuwa mtu mkubwa. Lakini raha yenyewe ilikuwa sinema. Waliokuwa na gari walikwenda Drive-In, pale palipo na ubalozi wa Marekani siku hizi. Bibi hakuwa na gari. Jumapili aliwachukua watoto wake wanne, kwa miguu hadi mjini, Avalon au Empress; mama hubadilisha jina kila anaposimulia. Ilikuwa miaka ya foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni. Mama anasema foleni ya tiketi ndiyo pekee ambayo bibi aliipanga huku akicheka.

Bibi alifariki mwaka 1986. Mama alikuwa na miaka kumi na moja.

Mwaka jana niliipata picha nzima kwenye intaneti, tukaiangalia pamoja sebuleni. Mama aliimba, akatangulia kunieleza kila kinachokuja. Kisha maadui wakaliunganisha gitaa la steringi na umeme. Mama akanyanyuka, akasema anakwenda kuangalia maharage.

Akiwa jikoni, mama wa steringi akalishika lile gitaa ili mwanawe asilishike. Akafa pale pale.

Nilishangaa. Katika masimulizi ya mama, gitaa lilimpiga shoti steringi mwenyewe, akapona, ndiyo maana akaliogopa. Mama yake alikuwepo hadi mwisho, akimpigia makofi. Watoto wa Dar walikuwa na kanuni yao: steringi hafi. Kuhusu mama wa steringi, kanuni haikusema kitu.

Aliporudi nikamuuliza kama aliwahi kukiona kipande kile.

"Siku ile Mama alituziba macho," akasema. "Mikono miwili, watoto wanne. Tuliozibwa ni mimi na mdogo wangu. Wakubwa waliona, wakatuhadithia njiani. Mimi nikakataa, nikasema wanadanganya."

"Na baadaye?"

"Baadaye Mama akaondoka. Basi mwanangu, ikifika hapo mimi hutoka."

Akaketi, akavuta khanga mabegani, akauliza kama wimbo wa mwisho umeshapita. Nikamwambia bado. Tukausubiri.