Kutoka Nyahanga hata Jeddah: Ipi Iliyo Safari Ndefu?



Mzee mmoja, jirani yetu hapa Nyahanga mjini Kahama, amejaaliwa kuazimia Hija. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia akaniuliza: "Mwanangu, magoti yangu hayana nguvu tena. Hiyo Jeddah i mbali kiasi gani?" Nikatandaza ramani juu ya mkeka, tukaanza kupima.

Toka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hata ule wa Jeddah ni yapata kilomita 3,160 kwa mstari ulionyoka. Ndege isiyotua njiani huzikata kwa saa nne u nusu hivi. Ama toka kwetu hata Dar es Salaam, kwa njia ya Nzega, Singida na Dodoma, ni karibu kilomita 1,000 tu. Lakini basi huondoka alfajiri, likafika usiku. Basi lililo fupi kwa masafa ndilo refu kwa mwili. Mzee alikuwa akiiogopa ndege, kumbe la kuandaliwa ni basi.

Ajabu nyingine ni hii. Dar es Salaam na Jeddah ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Kwa hiyo abiria haigeuzi saa yake ya mkononi, na Adhuhuri huingia katika miji hiyo miwili karibu wakati mmoja. Sisi wa Nyahanga tuko magharibi zaidi, na jua hutufikia utosini yapata dakika 26 baada ya Dar es Salaam. Kwa hesabu ya jua, Dar es Salaam imekaribiana na Jeddah kuliko na sisi!

Lakini wepesi huo una hadhari yake. Yalamlam, mikati ya wajao kutoka upande wa Yemen, iko yapata kilomita 100 kusini ya Makka. Wanazuoni wengi husema kwamba apitaye usawa wa mikati angani imempasa awe amekwisha kuhirimia. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa hukata masafa kama hayo kwa dakika chache, wala hazimtoshi mtu kungoja zamu ya chooni ili abadili nguo. Kwa hiyo wengi huvaa shuka zao kabla ya kupanda, kisha hutia nia wakiwa angani watangaziwapo.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi nitaondoka hapa siku tatu mbele, nipumzike kwa binti yangu Dar es Salaam. Na shuka zangu nitazishika mkononi, sizitii katika sanduku."

Nikaikunja ramani. Mwenyezi Mungu amsahilishie yeye, na kila mwenye nia kama yake. Amin.