Kupona, Kunusurika na Upana wa Kisu

Methali mbili hazikosi kutajwa pindi saratani inapozungumziwa katika mabaraza yetu. Ya kwanza ni dawa ya moto ni moto. Ya pili, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanafunzi wa fasihi simulizi tumefunzwa kwamba methali ikitolewa katika muktadha wake hupotosha, lakini tukifika mlangoni pa hospitali somo hilo tunalisahau. Nilipoanza kusoma historia ya matibabu ya saratani ya titi, nilistaajabu kuona kwamba mantiki ya methali hizo mbili iliwaongoza wapasuaji wa Marekani kwa takriban miaka 80, pasipo wao kuzisikia hata siku moja, na kwamba waliolipia mantiki hiyo ni wanawake.

Mwaka 1894 mpasuaji William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, alichapisha maelezo ya upasuaji aliokuwa akiufanya. Aliondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake pamoja na tezi za kwapani. Yeye na wafuasi wake waliamini kuwa saratani huanzia mahali pamoja kisha hutambaa hatua kwa hatua kwenda pembeni, kama ufa utambaavyo ukutani. Kwa hivyo, mpasuaji akikata kwa upana wa kutosha ataupita ufa pale ulipoishia. Ugonjwa ulipomrudia mgonjwa, jibu lilikuwa jepesi: kisu hakikufika mbali. Wapo waliofuata wakakata zaidi, hata kuzifikia tezi zilizo ndani ya kifua. Wengi wa wanawake waliofanyiwa upasuaji huo walibaki na kifua kilichobonyea, na baadhi yao na mkono uliovimba. Tazama jinsi nadharia hii ilivyojikinga: mgonjwa akiishi, kisu kimesifiwa, akifa, kisu kipanuliwe. Hapakuwa na tukio lolote ambalo lingeweza kuikanusha.

Aliyethubutu kuipima ni Bernard Fisher wa Pittsburgh. Rai yake ilikuwa kwamba chembe za saratani hazingoji kutambaa. Huingia katika damu mapema na kusafiri. Ikiwa chembe hizo zimekwisha kuondoka, kupanua kidonda hakuzifuati huko ziliko. Ikiwa hazijaondoka, upasuaji mdogo watosha. Mwaka 1971 yeye na wenzake walianza kulinganisha upasuaji wa Halsted na upasuaji wa kuondoa titi peke yake, misuli ikiachwa. Mwaka 1976 wakaanza jaribio la pili. Wanawake 1,851 wenye uvimbe usiozidi sentimita 4 waligawanywa katika makundi matatu: walioondolewa titi zima, walioondolewa uvimbe tu, na walioondolewa uvimbe kisha titi lililobaki likatibiwa kwa mionzi. Mgawanyo huo haukufanywa na daktari wala mgonjwa, bali kwa bahati nasibu, mithili ya kura. Hilo lina maana kubwa. Daktari akiachiwa kuchagua, yamkini atawapa upasuaji mdogo wenye afya njema, kisha asifu kisu kwa kazi iliyofanywa na afya.

Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2002. Katika uhai, makundi yote matatu hayakutofautiana kwa kiasi cha kuzingatiwa. Kilichotofautiana ni kurejea kwa ugonjwa katika titi lilelile: asilimia 39.2 kwa walioondolewa uvimbe bila mionzi, na asilimia 14.3 kwa waliopata mionzi. Mwaka huohuo, Umberto Veronesi wa Milan, Italia, alichapisha matokeo ya miaka 20 ya wanawake 701 wenye uvimbe mdogo zaidi. Alikuwa amelinganisha upasuaji wenyewe wa Halsted na ule wa kuondoa robo ya titi na kufuatisha mionzi. Uhai ulikuwa sawa.

(Msomaji makini huenda akauliza kuhusu kashfa ya Montreal. Ni kweli kwamba daktari mmoja wa huko alighushi kumbukumbu za baadhi ya wagonjwa aliowaingiza katika majaribio ya Fisher, na jambo hilo lilizua tufani mwaka 1994. Wagonjwa wake wote waliondolewa katika hesabu, ikapigwa upya, na jawabu halikubadilika.)

Inawezekanaje ugonjwa urejee mara nyingi zaidi katika kundi moja na uhai usitofautiane? Fisher alijibu kwamba uvimbe unaorejea katika titi huweza kuondolewa tena. Kinachoua ni chembe zilizokwisha kufika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Jibu hilo lilikaribia ukweli bila kuumaliza. Majaribio mengi yalipounganishwa katika uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011, wenye wanawake 10,801, ilionekana kuwa kwa takriban kila marejeo 4 ambayo mionzi iliyazuia katika miaka 10 ya kwanza, kifo 1 cha saratani ya titi kilizuiwa kufikia mwaka wa 15. Basi mionzi si pambo la upasuaji mdogo. Ni sehemu ya masharti yake. Na maadamu hatari kubwa imo katika damu, dawa zinazosafiri katika damu ndizo zilizobadili hesabu ya vifo. Tamoxifen, kidonge cha kumezwa kila siku kwa miaka 5, hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 kwa wanawake ambao uvimbe wao hustawishwa na homoni ya estrojeni. Hakuna upanuzi wa kisu uliowahi kuonyesha jambo kama hilo.

Hadi hapa nimetumia neno 'uhai' kwa hila kidogo, na wanaisimu wenzangu watakuwa wamekwisha kunishuku. Wanasayansi hawa walichopima ni muda ambao mtu ameendelea kuishi tangu siku fulani. Je, tukiiteje kwa Kiswahili? Vyombo vya habari vyetu hupenda 'kunusurika', na aliyetibiwa huitwa 'manusura wa saratani'. Neno hili tumelizoea katika ajali: basi limepinduka, abiria wanane wamenusurika, habari imekwisha. Aliyenusurika ajali amevuka. Anayehesabiwa kuwa hai miaka 5 baada ya saratani huenda amevuka, na huenda bado yumo mtoni. 'Kupona' kuna hatari kubwa zaidi, kwani huondoa ugonjwa kabisa. Mimi naona heri tuseme 'kuendelea kuishi', tena tutaje muda, ijapokuwa kirai hicho hakina mvuto gazetini.

Kuna mtego mwingine katika hesabu ya miaka. Chukua ndugu wawili waliopatwa na ugonjwa wa aina moja. Wa kwanza amegunduliwa akiwa na miaka 50, wa pili akiwa na miaka 53, na wote wawili wakafariki wakiwa na miaka 57. Takwimu zitasema wa kwanza aliishi miaka 7 na wa pili miaka 4, ilhali hakuna aliyeongezewa hata siku moja. Saa tu ndiyo iliyoanza kuhesabiwa mapema. Sisemi kwamba kugundulika mapema hakuna faida, kwani faida ipo na ni kubwa. Nasema kwamba hospitali au mganga anayejisifu kwa miaka ya wagonjwa wake aulizwe kwanza saa yake ilianza lini, na ni wagonjwa gani aliowachagua.

Mambo haya sikuyajali sana hadi mwaka 2009, nilipomsindikiza shangazi yangu kutoka Voi kwenda kumwona daktari mjini Mombasa. Uvimbe wake ulikuwa wa sentimita 3. Daktari alieleza kwa Kiingereza, nami nikawa mkalimani. Alisema njia mbili zilikuwa sawa kwa upande wa kuendelea kuishi: kuondoa titi lote, au kuondoa uvimbe na kufuatisha mionzi.

"Mwanangu, muulize nitapona?" shangazi aliniambia.

Daktari alijibu kwa asilimia. Nikamwambia shangazi kuwa daktari hana neno la kupona; analo la kuishi, na miaka yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: hiyo mionzi ni siku ngapi, na inatolewa wapi?

Ilikuwa siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5 mfululizo. Wakati huo hospitali ya umma yenye mashine hizo ilikuwa moja tu nchini, Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, na foleni yake ilijulikana. Shangazi hakuwa na jamaa wa kumpokea Nairobi. Alikuwa na duka dogo na wajukuu wawili. Akachagua titi liondolewe lote.

Jirani mmoja alimhurumia akidhani ameshindwa kwa woga, na mwingine alimsifu kwa kukata mzizi wa fitina. Wote wawili walikosea. Alikuwa amelinganisha njia mbili zilizo sawa kwa uhai na zisizo sawa kwa nauli, malazi na siku za duka kufungwa. Majaribio ya Pittsburgh na Milan hayakumwambia achague ipi. Yalimpa uhuru wa kuchagua bila kuhofu kwamba anayauza maisha yake. Tena ni lazima ikumbukwe kuwa uhuru huo ni wa ugonjwa uliowahiwa. Wanawake wengi nchini hufika hospitalini saratani ikiwa hatua ya 3 au ya 4, ambapo aghalabu dawa hutangulia na kisu hufuata, ikiwa kitafuata.

Shangazi alimeza tamoxifen kwa miaka 5. Tangu wakati huo vituo vya umma vya mionzi vimefunguliwa Mombasa, Nakuru, Garissa na Eldoret. Nchini Uingereza, jaribio la wanawake na wanaume 4,096 lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba, kwa saratani iliyowahiwa, mionzi ya siku 5 ndani ya wiki moja huzuia kurejea kwa ugonjwa kwa kiwango kisichopungua kile cha siku 15. Madaktari walioliandaa walikuwa wakipima kipimo cha mionzi na madhara yake katika ngozi na misuli. Mimi nililisoma kwa hesabu ya shangazi: siku 5 ni Jumatatu hadi Ijumaa, na kutoka Voi hadi Mombasa mtu huenda na kurudi siku hiyohiyo.