Mgeni wa Norwe Katika Milima ya Mgeta

Wengi wenu mwaijua Morogoro kwa ajili ya reli. Reli ilifika hapo mwaka 1907, na tangu mwaka 2024 garimoshi la umeme hutoka Dar es Salaam likafika kabla saa mbili hazijatimia. Lakini atakaye kwenda Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, hupanda basi, na njia huzunguka ukingoni mwa mabonde hata masikio yakaziba. Huko juu hakuna minazi wala joto. Kuna kabichi, karoti na njegere, zimelimwa katika matuta yaliyokatwa mlimani mfano wa ngazi.

Ndiko alikokwenda binti mmoja wa Norwe, mwanafunzi wa mambo ya mifugo, aliyepokewa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Alitakiwa kukaa na jamaa mmoja wa Kiluguru majuma matatu. Sisi tuliombwa kuwa wakalimani, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, na bibi wa nyumba ile hupenda zaidi kusema Kiluguru.

Alipofika alimwamkia mtoto wa miaka sita, "Shikamoo," na mtoto akakimbia kujificha. Tukamweleza kwamba shikamoo hupanda, haishuki. Kisha akamshukuru baba kwa kumkaribisha katika mashamba yake, naye baba akacheka sana. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Baba yule alilima mashamba ya ukoo wa mkewe. Aliyeombwa ruhusa ya kumpokea mgeni alikuwa mjomba.

Basi walimheshimu kupita kiasi. Walimpa chumba cha watoto, wakampelekea maji ya moto ya kuoga, wakamchinjia kuku siku ya kwanza, na wa pili siku ya pili, pamoja na wali ulionunuliwa dukani. Naye alikula peke yake sebuleni, mlango umeshindikwa, huku jamaa wote wanakula ugali jikoni na kucheka. Kila aliposhika ndoo, walimpokonya. Usiku akaona baridi, jambo lililowashangaza wote, kwa kuwa walidhani mtu wa nchi ya theluji haoni baridi. Kumbe kwao nyumba hupashwa moto. Mama akamsikia analia, akadhani chakula hakikumpendeza. Mgeni naye akadhani amewachosha. Asubuhi alituuliza kwa siri kama basi la kurudi mjini hupita saa ngapi.

Watu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini nani atathubutu kumpa jembe binti wa chuo kikuu? Sisi twaona heshima ya namna ile ni njema kwa siku moja. Ikizidi, humfanya mgeni kuwa mfungwa, na kuku wa nyumba humalizika.

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la mbuzi, sakafu yake ya fito imeinuliwa juu ili samadi ianguke chini na kupelekwa katika kabichi. Mbuzi hao walikuwa wazao wa mbuzi wa maziwa wa Norwe, walioletwa Mgeta katika miaka ya 1980, kwa kuwa miteremko ile ni mikali mno kwa ng'ombe, na mbuzi hufugwa bandani akakatiwa majani. Mgeni alikuwa hajaonyeshwa banda. Waliona haya kwa harufu yake. Tukamwongoza mpaka pale, kabla hajafunga mzigo.

Alipowaona akasimama kimya. Kisha akakunja mikono ya nguo, akanawa, akachuchumaa, akaanza kukamua, na maziwa yakapiga bakuli kwa mlio wa mtu aliyezoea. Mama akaja mbio kumzuia. Akatazama povu, akanyamaza. Mwisho akasema Kiluguru, nasi tukafasiri: amwambie basi kwa nini huyu mweusi hukataa kusimama akikamuliwa.

Wakashindana juu ya mbuzi yule hata jua likapanda. Mchana mgeni alikaa jikoni juu ya kigoda, anakula ugali na njegere kwa mkono, na mtoto wa miaka sita anamsahihisha Kiswahili bila huruma. Nje, jogoo wa tatu, aliyekuwa amefungwa mguu tangu alfajiri, alifunguliwa kamba.