Unga wa Sadaka na Kipimo Kisichoonekana

Kila Ramadhani inapokurubia, sisi wa kamati ya msikiti hapa Mbinga huketi kupanga unga wa sadaka: mifuko mingapi ibaki mjini, na mingapi iteremke kwa ndugu zetu wa ufukweni, Mbamba Bay na Liuli. Uzito tunaupima wenyewe, kwani tumesoma Suratul-Mutaffifin na onyo lake kwa wapunjao vipimo. Safari hii kina mama wa madrasa walituuliza jambo ambalo mizani yetu haina jawabu lake: mfuko ulioandikwa kuwa umeongezwa asidi ya foliki, ni nani aliyehakikisha kwamba imo?

Swali hilo si la mzaha. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo kina mama wengi hawajajijua. Foleti ikipungua siku hizo, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi, na mzazi wa ufukwe wa Nyasa akajikuta na rufaa ya Muhimbili, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano wa viwandani utiwe asidi hiyo pamoja na madini ya chuma, zinki na vitamini B12.

Kinachotiwa ni kidogo mno, miligramu chache kwa kilo. Mashine ikichanganya vibaya, mfuko mmoja hupata maradufu na mwingine hukosa. Hivyo mpimaji huchota sampuli katika mifuko mingi. Maabara, njia ya zamani humtumia bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus, asiyeweza kukua pasipo foleti. Huwekwa katika maji yenye kila akihitajicho isipokuwa hiyo, kisha hutiwa maji yaliyokamuliwa katika unga. Baada ya siku moja hivi, kadiri maji yanavyokuwa na ukungu ndivyo foleti ilivyo nyingi. Subhanallah, kiumbe asiyeonekana kwa jicho anatoa ushahidi juu ya mfanyabiashara! Ila shahidi huyu peke yake hatofautishi foleti ya kuongezwa na ya asili ya nafaka, na kwa hiyo ziko maabara zitumiazo mashine za kuzitenganisha.

Unga wa mahindi tunaosaga mtaani, na wa muhogo uliwao ufukweni, kwa kawaida hauongezwi kitu. Huko tegemeo ni maharage yetu, mboga za majani zisizomwagwa maji yake, na vidonge vya kliniki.

Kwa unga wa dukani tumeamua kudai cheti cha maabara chenye namba ya toleo tunalonunua. Muuzaji mmoja ametuletea nakala ya mwaka uliopita, ya toleo jingine. Tumemrudishia, na fedha za sadaka zingali sandukuni.