Dawa ya Unga na Maji ya Kuichanganyia

Dawa ya watoto tunayotaka kuisemea mwezi huu hutoka dukani ikiwa unga mkavu ndani ya chupa. Chupa haijajaa, na ubavuni ina alama. Mama huipokea, huifunga katika pindo la khanga, hushika njia ya kwao, naye aliyempa hudhani kwamba amekwisha kumpa dawa. Kwa kweli amempa nusu yake. Nusu ya pili ni maji safi, na kipimo, na mahali pa baridi, na hesabu ya siku. Na huku kwetu Masasi na Newala hayo manne ni magumu kupatikana kuliko huo unga.

Dawa yenyewe ni amoksilini pamoja na asidi ya klavulaniki. Wengi waijua kwa jina la Augmentin, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1981. Ni dawa mbili katika chupa moja, na yafaa kujua kwa nini ziliunganishwa. Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini. Huwaua bakteria kwa kuwaharibia ukuta wa miili yao. Walakini bakteria wengine hutoa kitu kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Hapo ndipo dawa ya pili inapohitajiwa. Asidi ya klavulaniki, ikiwa peke yake, karibu haina nguvu ya kuua. Kazi yake ni kukishika kile kivunjaji kisivunje. Ni kama watu wawili waliomkamata mwizi, mmoja amshika mikono, mwenzake amfunga kamba. Akiondoka mshika mikono, mwenye kamba hafanyi neno.

Daktari Leader Stirling alipokuja mwaka 1935 kutumika katika misheni ya Masasi na Lulindi, hakuwa na hata penisilini, maana ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1941. Leo mtoto wa kijijini hupewa dawa ambayo daktari wa siku zile asingaliweza kuipata kwa fedha yoyote. Kwa hiyo twahuzunika sana tunapoona ikiharibika mikononi mwa watu wenye nia njema.

Sasa tuseme habari ya maji. Profesa Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika hadithi ya asili ya Wamakonde. Mtu mmoja alichonga mwanamke wa mti, naye akapata uhai akawa mke wake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto Ruvuma, naye hakuishi. Wakahama, na wa pili pia hakuishi. Walipopanda juu kabisa, penye vichaka vya Mahuta, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo wazao wakausiwa wasijenge karibu na maji makubwa, maana bondeni mna maradhi na mauti. Hatutaki kuamua juu ya hadithi hiyo, ila twaona kwamba wazee walikuwa na jambo kichwani: walihesabu watoto wao waliokufa, wakatafuta sababu.

Lakini uwanda wa juu una shida yake. Mvua huzama ardhini, na maji yalichukuliwa kichwani kutoka mabondeni, safari ndefu ya kushuka na kupanda. Tangu miaka ya 1950 mitambo imekuwa ikiyapandisha kwa mabomba, walakini bomba likikauka ndoo hupangwa foleni kama zamani. Mtu aliyelelewa hivyo hamwagi maji. Yaliyooshea vyombo hupewa mche wa mpapai. Ni tabia njema kabisa, nasi twaisifu. Lakini hiyo hiyo ndiyo inayomponza mwenye chupa ya dawa.

Tuliingia nyumba moja, tukamkuta mama ana watoto wawili wenye homa na chupa moja, aliyopewa kwa ajili ya mkubwa. Alikuwa ameijaza maji ya mtungi hata shingoni, kupita alama, ili iwatoshe wote wawili. Hatukuona uvivu wala ujinga katika nyumba ile. Tulimwona mama aliyefanya kwa dawa kama afanyavyo kwa mboga wageni wanapoongezeka. Lakini mboga ikiongezwa maji hushibisha kidogo, na dawa ikiongezwa maji haitoshi kumponya mtoto hata mmoja, na bakteria wasiokufa huendelea kuzaana, nao ndio wagumu zaidi. Mkubwa alirudishwa hospitali siku ya tano, anapumua kwa shida. Alipona, baada ya kuchomwa sindano nyingi. Mdogo alipopimwa alionekana ana malaria, ambayo dawa ile haiigusi kabisa.

Basi, maji yachemshwe, kisha yaachwe yapoe kabisa, maana maji ya moto huiharibu dawa. Chupa igongwegongwe kwanza ili unga uachane. Yatiwe maji kiasi, itikiswe sana, kisha yaongezwe mpaka kwenye alama, wala yasipite, na itikiswe tena. Kila mara kabla ya kumpa mtoto itikiswe, kwa kuwa unga hutuama chini. Kama muuza dawa ana maji safi, na nyumbani kuna friji, na njia si ndefu, ni heri aichanganye yeye mbele ya macho yako. Ukipewa chupa mbili, ya pili ibaki kavu, imefungwa, mpaka siku ya kuihitaji.

Ikisha kuchanganywa, hukaa ndani ya friji siku 7 tu, wala isigande. Bibi mmoja alituuliza baada ya sala ya Jumapili, “Mwalimu, dawa iliyokuwa nzuri jana, imekuwaje mbaya leo?” Ni swali la haki. Tulimjibu, “Bibi, haiozi kama samaki, ukasikia harufu. Yule mshika mikono ndiye achokaye upesi, naye huchoshwa na maji na joto.” Chupa huonekana ile ile, rangi ile ile, na ndani yake umebaki mwenye kamba peke yake. Kwa hiyo siku ya 8 kilichobaki chaondolewa, wala hakiwekwi kwa ajili ya homa ya mwezi ujao. Bibi yule alitikisa kichwa. Kumwaga kitu kilichonunuliwa, tena chenye maji ndani yake! Twamwelewa.

Neno la kipimo ni fupi lakini lina hatari. Vijiko vya nyumbani havilingani. Itumike pipa ndogo au kijiko kilichokuja na chupa. Tena chupa zafanana ilhali nguvu zao ni mbalimbali: nyingine imeandikwa 228, nyingine 457, yaani miligramu katika kila mililita 5. Kijiko cha hii ni sawa na viwili vya ile. Kwa hiyo usimpe mtoto wako kwa kipimo alichopewa mtoto wa jirani; kipimo hutokana na uzito wa mtoto, na maandishi ya chupa hiyo hiyo. Apewe anapoanza kula, maana hupunguza kichefuchefu na kuharisha, ambako kwa dawa hii hutokea mara nyingi. Na siku alizoandikiwa zitimizwe, hata kama amekwisha kurudi mchezoni. Lakini akitoka vipele mwili mzima, au akivimba uso, au akipumua kwa shida, aachishwe mara moja na kupelekwa hospitali. Aliyewahi kudhurika hivyo kwa penisilini yoyote asipewe kamwe, na mganga aambiwe kabla hajaandika.

Katika msimu wa korosho, fedha zikiingia, twawasikia wazazi dukani wakisema, “Nipe ile yenye nguvu.” Dawa mbili si lazima zipite moja. Kwa kichomi cha watoto wengi, amoksilini peke yake ndiyo waganga huanza nayo. Mafua na kikohozi chepesi aghalabu hutokana na virusi, ambavyo havina ukuta wa kuharibiwa. Na homa ya huku ni lazima ipimwe malaria kwanza.

Na asiye na friji afanyeje? Mtungi hupoza maji ya kunywa, lakini haufikii baridi inayotakiwa, ambayo ni nyuzi 2 hata 8. Amwambie muuguzi waziwazi, bila haya, “Nyumbani hatuna friji.” Viko vidonge vya watoto vya kuyeyusha katika maji kidogo, kimoja kimoja, wakati ule ule wa kunywa, vya amoksilini hutumiwa sana kwa kichomi, na vya dawa hizi mbili pia hutengenezwa. Kidonge hukaa kikavu katika karatasi yake, hakidai friji, na maji yake ni kijiko kimoja tu cha maji yaliyochemshwa.